Jumapili Nje ya Karatasi

Shangazi hakuwa na mume wala mtoto, na kwa hesabu ya ndugu zake hiyo ilikuwa na maana moja tu: hana kazi.

Kazi anayo, tena ya kuamkia. Alikuwa sekretari wa shule ya udereva, ambako kutwa nzima alichapa barua na vyeti, akapanga zamu za magari, na kuwapa maji ya kunywa wanafunzi waliorudi kutoka barabarani wakitetemeka. Lakini jioni akishafika nyumbani kwa mama yake, alikoishi, na mwisho wa wiki wote, siku zake ziligeuka mali ya ukoo. Kaka Mkubwa alimletea watoto. Wifi, mke wa Kaka Mkubwa, alimletea sare za watoto hao zenye vifungo vilivyong'oka. Mdogo wao wa mwisho, Kitinda, ambaye jina la utoto lilimganda hata baada ya kuzaa mara mbili, alimletea watoto na sare kwa pamoja ili asije mara mbili. Kwa haki watoto wa Kitinda walipaswa kumwita mama mkubwa, lakini nao walimwita Shangazi, maana ndilo jina walilolikuta linatumika.

"Shangazi yupo," walisema ndugu zake kila jambo lilipowabana, kama mtu anavyosema bomba lipo uani.

Kumbe huyo aliyekuwepo tu alikuwa na mtu anayemtaka. Mtu mwenyewe ni fundi friji, mgane mwenye binti mmoja, mpole, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Alikuja mara ya kwanza kubadilisha mpira wa mlango wa friji. Akarudi kuangalia kama mpira umekaa. Akarudi tena kuangalia kama alipoangalia aliangalia vizuri. Safari ya nne alisema kilichomleta. Alitaka Shangazi aende kwake Jumapili moja, akae kutwa, aione nyumba, amjue binti yake, ndipo amjibu ndiyo au hapana.

"Sitaki unikubali kwa sababu ya friji," alisema.

Shangazi aliukubali mwaliko kwa moyo wote, kisha akauvunja. Jumapili ya kwanza Kaka Mkubwa alikuwa na safari. Ya pili Wifi alikuwa na wageni. Ya tatu Kitinda hakusema hata sababu; alipiga honi getini, akateremsha watoto, akaondoka. Fundi alipopigiwa simu ya udhuru kwa mara ya tatu, hakununa wala hakupandisha sauti.

"Sekretari," alisema, "kungoja naweza. Nataka tu kujua kama nangoja au nimesimama tu."

Maneno hayo yalimkaa Shangazi kifuani wiki nzima. Alimtaka yule fundi, tuseme wazi. Alipenda anavyokaa kimya bila kununa, na anavyomuuliza swali kisha akasubiri jibu, jambo ambalo kwao lilikuwa limepotea tangu siku za marehemu baba yao. Aliogopa kumpoteza. Na alijijua: ulimi wake ulizoea kusema "sawa" kabla masikio hayajamaliza kusikia.

Kwa kuwa hakuweza kusema, aliamua kuchapa.

Mchana mmoja ofisini, magari yote yakiwa barabarani, alifungua ukurasa mweupe kwenye kompyuta, kwenye programu ileile anayoandikia barua. Akachora jedwali la safu saba. Juu akaandika majina ya siku, Jumatatu hadi Jumapili, na katika pembe ya kila kisanduku akaweka tarehe ndogo. Ndani ya visanduku hakuandika kitu. Mpango wake ulikuwa rahisi: kalenda itabandikwa kwenye mlango wa friji, kila mwenye shida na Shangazi ataandika siku anayomtaka, atakayewahi ndiye mwenye siku, na Shangazi mwenyewe atajiwekea Jumapili moja. Moja tu, kwa kuanzia.

Jedwali lilikaa vizuri mpaka alipokumbuka mwandiko wa Kaka Mkubwa. Kaka Mkubwa akiandika neno moja linatosha ukuta. Basi Shangazi akaanza kuvipanua visanduku, hiki kidogo, hiki kidogo, akavuta mstari huu, akasogeza ule. Na jedwali la kompyuta, kwa wasiolijua, halina adabu. Ukilivuta linavutika, hata kama karatasi imekwisha, na halikuambii. Yeye alikuwa ameukuza ukurasa ili aone vizuri, akawa anatazama upande wa kushoto tu, huku upande wa kulia safu ya saba ikiteleza polepole kutoka nje ya karatasi.

Huenda angeona, kama asingeingia mwenye shule. Wanafunzi walimwita Mwalimu Breki, kwa sababu mguu wake haukuwahi kuwaamini.

"Hiyo ratiba ya nani?" aliuliza, akiinama juu ya bega lake.

"Ya nyumbani, Mwalimu. Naomba karatasi moja."

"Mbona tupu?"

"Itajaa."

Mwalimu Breki aliitazama kwa hamu. "Basi niwekee na mimi hapo Alhamisi. Mama mkwe wangu anahitaji mtu wa kumsindikiza hospitali."

Shangazi, Mungu amsamehe, alishafungua mdomo kusema sawa. Akaufunga, akabofya haraka kitufe cha kuchapa, akaichukua karatasi ikiwa bado ya moto, akaikunja akaitia mkobani bila kuitazama.

Jioni ile ndugu wote walikuja, maana habari za kugawana kitu huwafikia watu mapema. Shangazi alibandika kalenda kwa gundi ya karatasi, akaeleza utaratibu, akatundika kalamu kwa uzi. Mama alivaa miwani akaisoma.

"Nyeupe sana," alisema Mama. "Haitadumu."

Kwa heshima ya wageni Shangazi aliwaacha watangulie, akaenda kuchemsha chai. Hapo ndipo alipokosea kosa lake la siku zote, maana mwenyeji akingoja zamu yake kwa watu wa aina ile atangoja mpaka kiama. Aliporudi na sinia, visanduku vilikuwa vimejaa wino. Kaka Mkubwa alikuwa ameandika WATOTO kwa herufi za bango. Wifi alikuwa amejaza nafasi zilizobaki chini ya herufi za mumewe. Shangazi alitafuta kwa jicho la haraka mahali peupe, hakuona. Hakusoma zaidi. Aliweka sinia mezani, akawamiminia chai, na rohoni akamwambia fundi kwaheri.

Sasa sikia yaliyopita wakati yeye yuko jikoni. Wifi aliitafuta Jumapili, akafika Jumamosi, akakuta karatasi imekwisha. Katika ukoo ule kitu kisichoonekana hakijapotea, kimechukuliwa na mwingine.

"Jumapili hazimo," alimnong'oneza mumewe.

Kaka Mkubwa alipapasa ukingo wa karatasi kwa kidole. "Ukingo huu umekatwa kwa mkasi. Ni Kitinda. Nilijua tu atafanya hivi."

Naye Kitinda, aliyesimama nyuma yao, alipoona mahali ambapo Jumapili ingekuwa, alijisemea kwamba Kaka na mkewe wamekata safu nzima wakaitia mfukoni. Pande zote mbili zilinuna. Na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuonekana ombaomba, kila mmoja alijifanya hamnazo, akaandika Jumamosi, akanywa chai yake akaaga.

Jumapili ilipofika, hakuna aliyekuja.

Shangazi aliamka mapema, akapika sufuria kubwa ya kutosha watoto wanne, akaketi barazani kuwangoja. Geti lilikuwa kimya. Saa zilisogea. Alishusha mapazia ya sebuleni akayafua, akayaanika, akaona bado hakuna mtu, akashusha na ya chumbani.

"Leo wako wapi?" aliuliza Mama.

"Watakuja tu, Mama."

Hawakuja. Jioni Shangazi alikuwa na mapazia safi, sufuria ya chakula isiyo na wa kuila, na uchungu asioujua ulikotoka. Alimfikiria fundi, akajisemea kwamba mtu mwenye akili asingemngoja mwanamke kama yeye.

Kesho yake friji likafa. Safari hii lilikufa kweli, na Mama, bila kumuuliza mtu, akampigia fundi. Shangazi aliporudi kazini alimkuta amelivuta katikati ya jikoni, anachungulia nyuma yake. Walisalimiana kama watu waliokoseana bila kugombana. Fundi aliendelea na kazi mpaka akaja upande wa mbele, akasimama akiitazama ile karatasi mlangoni.

"Wiki yenu inaishia Jumamosi," alisema.

"Vipi?"

"Jumatatu, Jumanne, mpaka Jumamosi. Halafu ukuta. Tarehe sita, kisha nane." Aliuinua ukingo wa karatasi kuona kama umekunjwa. "Saba haimo."

Shangazi alisogea. Alihesabu vichwa vya siku kwa kidole, mara ya kwanza, mara ya pili. Akaelewa kila kitu kwa pamoja: kompyuta, visanduku alivyovivuta, karatasi aliyoikunja bila kuitazama, geti lililokaa kimya. Alitaka kulia, kikamtoka kicheko.

"Kwa hiyo jana ulikuwa na nafasi," alisema fundi taratibu.

"Jana nilifua mapazia."

Fundi aligeuka akakaza nati ambayo ilikuwa imekazwa tayari.  Kisha akatazama dirishani.

"Yamependeza," alisema.

Shangazi alisikia aibu mpaka masikioni. "Nilikosea kuichapa. Kesho nitairekebisha."

"Rekebisha, au usirekebishe. Mimi kazi yangu friji." Alikusanya vifaa vyake, akalisukuma friji mahali pake, likaanza kunguruma vizuri. Mlangoni aligeuka. "Jumapili hii nitakuwa nyumbani. Kama nilivyokuwa jana."

Kesho yake Shangazi alirekebisha. Yeye ni sekretari, na kazi mbovu humuwasha. Aliulaza ukurasa upande, safu saba zikaingia zote, na kwa mkono wake akanakili kila ombi la kila ndugu, hata yale ya Kaka Mkubwa, kwa herufi za kiasi. Jumapili moja ilikuwa imeshapita; tatu zikabaki nyeupe pembeni. Akaikunja karatasi akaitia mkobani, akaenda nayo nyumbani, akarudi nayo kazini, akaenda nayo tena nyumbani. Kila jioni alipanga kuibandika na kila jioni hakuibandika. Alijua akiiweka tu mlangoni zile nyeupe tatu hazitafika asubuhi. Alijua pia kwamba asipoiweka anawapaka ndugu zake mafuta kwa mgongo wa chupa, na hakulelewa hivyo. Wiki nzima alitembea na Jumapili mkobani akijiona mwizi.

Jumamosi mambo yakaenda segemnege. Kaka Mkubwa na Kitinda walikutana jikoni kwa Mama, kila mmoja ameleta watoto wake, na chuki ya wiki nzima ikafumuka.

"Toa Jumapili zetu, Kitinda," alisema Kaka Mkubwa. "Mkasi wako naujua mimi tangu utoto."

"Mkasi wangu? Nyinyi mmekata nne nzima mkaenda nazo, na watoto wangu nimeshinda nao kutwa. Hata kulala sikulala."

"Ni watoto wako," alisema Wifi.

"Na wenu ni wa nani?"

Mama aligonga meza kwa kijiko. "Aliyetengeneza kitu ndiye anayejua kinavyovunjika. Mwiteni."

Shangazi alikuwa nyuma ya mlango, anasikia. Alipiga moyo konde akaingia, akafungua mkoba, akaitandaza karatasi mpya mezani.

"Hakuna aliyekata," alisema. "Nilivipanua visanduku, Jumapili ikatoka nje ya karatasi. Kosa ni langu. Hii hapa kamili, na maombi yenu yote yamo."

 Waliinamia karatasi, na Kaka Mkubwa na Kitinda, waliokuwa karibu kushikana mashati, wakaziona zile nyeupe tatu kwa wakati mmoja. Kaka Mkubwa alikuwa ameshatoa kalamu.

"Basi hakuna ugomvi," alisema kwa uchangamfu. "Kesho niandikeni mimi, halafu..."

Shangazi aliweka kiganja juu ya safu ya mwisho. Akakikandamiza.

"Hizi hapana, Kaka."

"Hapana nini?"

"Hizi hamwandiki."

Kaka Mkubwa alimtazama kama mtu aliyefungua bomba likamjibu. "Kwani kesho una nini?"

Angeweza kusema ana kikao cha shule. Angeweza kusema anaumwa, na wangempa pole, na wiki ijayo wangemuuliza kama amepona. Maneno yote hayo yalipita ulimini, akayaacha yapite.

"Sina kitu," alisema. "Na sitaki mtu aweke kitu."

Wifi alicheka kidogo, akaona hakuna wa kumsaidia kucheka, akanyamaza.

"Wifi yangu," alisema sasa kwa upole, "kisanduku si kitupu?"

"Kitupu, Wifi. Lakini ni changu. Mwaka wa ngapi huu ninalea, ninashona, ninasindikiza? Sijakataa na sitakataa, siku nyingine zote mnazo, someni. Nimechoka kuwa mtu aliyepo tu. Kuna mtu ananingoja, na nimemfanya angoje mpaka nikamwonea huruma."

 Kitinda aliinamisha kichwa. Kaka Mkubwa alikodoa macho.

"Mtu gani?"

"Fundi," alisema Mama, akipangusa miwani yake kwa kanga.

"Fundi gani?"

"Mwanangu, wewe ulidhani friji letu lina ugonjwa gani, kila wiki linatazamwa mpira?" Mama alivaa miwani. "Irudishe kalamu mfukoni. Watoto wana baba na mama, waanze na hao."

Kaka Mkubwa aliirudisha. Si kwamba aliridhika. Alinung'unika habari ya siku hizi na mambo ya siku hizi, lakini aliirudisha, na Shangazi aliibandika karatasi kwenye mlango wa friji mbele ya macho yao wote.

Asubuhi ya Jumapili, honi ikalia getini. Mazoea yana taabu. Shangazi alitoka amevaa gauni la samawati ambalo huliweka kwa ajili ya harusi za watu, akamkuta Kitinda kwenye usukani na watoto kiti cha nyuma. Kitinda alimwona, akakumbuka, mkono ukaganda juu ya honi.

"Dada, nilisahau. Naapa nilisahau."

"Najua." Shangazi aliwapapasa watoto vichwa kupitia dirishani. "Nendeni na mama yenu, mkacheze."

"Shangazi unaenda wapi?"

"Kwa watu."

"Utarudi saa ngapi?" aliuliza Kitinda. Shangazi alikuwa ameshavuka barabara. Katika kona ya kwanza karibu arudi kwa sababu alihisi amesahau mtoto mahali fulani.

Mlango wa fundi ulifunguliwa na msichana mrefu mwenye macho ya baba yake. Alimtazama Shangazi, akatazama gauni, akageuka ndani. "Baba. Amekuja."

Kitu kizito kilianguka. Fundi alikuwa sebuleni amevaa fulana, mikono myeusi kwa grisi, na friji la mtu limelazwa katikati ya chumba, matumbo yake yametandazwa juu ya magazeti. Hakuna kiti ambacho hakikuwa na nyaya. Hakuna harufu ya chakula.

"Sikupika," alisema, na ilionekana hajui aanzie wapi. "Jumapili zile tatu nilipika, tukala wenyewe mpaka Jumatano. Safari hii nikasema nisijitie moyo."

 Shangazi aliwaza chakula kile kikipashwa moto siku tatu, baba na binti mezani, wala hawamsemi vibaya.

"Nisamehe," alisema.

"Hapana, hapana. Subiri niondoe vitu hivi, uione nyumba. Jikoni ni kudogo lakini kuna hewa. Ukishaona yote, hata leo si lazima, ndipo unijibu."

"Nimeshajibu."

Fundi alisimama na waya mkononi. "Umejibu lini?"

"Jana," alisema Shangazi. "Mbele ya ndugu zangu wote. Wewe tu ndiye hukuwepo."

Binti alirudi nyuma kimya akaingia jikoni. Fundi alitafuta kitambaa cha kujifutia mikono, akageuka huku, akageuka kule, hakukiona, na Shangazi akaishika mikono ile hivyohivyo.